Chumvi, Alizeti na Somo la Kemia

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kukariri bila kukosea kwamba atomu huungana kwa kupeana au kushirikiana elektroni, na bado asijue kwa nini mafuta ya alizeti humiminika ilhali mafuta ya ng'ombe huganda. Elimu ya namna hiyo ni maneno matupu. Kwa maoni yangu, somo hili halina budi kuanzia kwenye vitu vyenyewe, na mkoani Singida vielelezo viko tele.

Tuchukue maji ya Ziwa Singidani, ambayo yana chumvi. Yakichemshwa, mvuke hupaa na chumvi hubaki chunguni. Molekuli za maji hushikana kwa nguvu hafifu. Nyuzi 100 za Selsiasi, au pungufu kidogo katika nyanda za juu, hutosha kuzitawanya, wala haidrojeni na oksijeni hazitengani. Chumvi ya mezani haina molekuli. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na kila ya kloridi na sita za sodiamu. Kuuvunja mpangilio huo kwahitaji nyuzi 801.

Sasa tutazame alizeti, zao lililoupatia mkoa huu sifa. Mafuta hujengwa kwa asidi za mafuta. Asidi ya steariki, iliyomo katika mafuta ya ng'ombe, ina atomu 18 za kaboni na huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi. Asidi ya linoleiki, ambayo kwa kawaida ni nyingi katika alizeti, ina kaboni 18 vilevile, lakini huyeyuka chini ya nyuzi sifuri. Sababu ni vifungo viwili vya maradufu vinavyoupinda mnyororo wake, hata minyororo isiweze kupangana na kukaribiana.

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina maabara, na kwamba mtihani hudai fasili. Hoja hizo zina uzito. Lakini betri nne za tochi, nyaya na taa ndogo ya diodi vyatosha kuonyesha kwamba chumvi kavu haipitishi umeme, ikiyeyushwa majini hupitisha, na mafuta hayapitishi. Umeme wa nyumbani usitumiwe kamwe. Ama fasili, aliyekwisha kuona sababu huiandika kwa maneno yake mwenyewe.

Basi walimu, kabla ya kuandika fasili ubaoni, waulizeni vijana: kwa nini hiki kimeganda na kile hakikuganda?