Jiwe kali lina kwao

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya mchezo wa kuigiza wa Zama za Mawe, kuhusu wanyama wakubwa niko nawe, lakini kwenye silaha umeharakisha. Kufuta neno "chuma" na kuandika "jiwe" hakutupeleki Zama za Mawe. Ni mashujaa wale wale, sasa wamevaa ngozi. Dark Sun, dunia ya mchezo wa kuigiza iliyotoka mwaka 1991, ililijua hilo: chuma ni adimu, silaha za mfupa na obsidiani huvunjika, na mchezaji anaingiwa na hofu kila anaporusha dadu.

Mimi ningeanzia Olorgesailie, Kenya. Wanaakiolojia walikuta pale vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, vya takriban miaka 300,000 iliyopita, na asili yake ni kilomita 25 au zaidi kutoka hapo. Nani alilibeba? Alipita katika nchi ya nani, akatoa nini? Hapo tayari una safari, una wageni wa kuogopwa, una deni. Hata mawe ya kutolea rangi nyekundu yalikuwepo. Sarafu za dhahabu za nini tena?

Halafu mkuki si ncha tu. Kuna mpini, kuna kano za mnyama, kuna utomvu unaoyeyushwa motoni. Mezani kwetu mvua ilizima moto, mkuki ukabaki fimbo, na fisi wawili tu wakatutoa jasho kuliko joka lolote. (Joka lenyewe, kusema kweli, ningeliacha nje kabisa.)