Damu Isiyopanda: Swali la Uboho kwa Wagonjwa wa Katavi

Mtu anayeishi na VVU anapofika katika zahanati wilayani Mpanda akiwa amechoka na viganja vimepauka, fikra ya kwanza huwa malaria, ya pili lishe, ya tatu minyoo. Fikra hiyo ina msingi, maana Katavi ni mkoa wenye malaria nyingi. Hatari ni kuishia hapo: vidonge vya kuongeza damu vikatolewa mwezi huu na mwezi ujao, bila mtu kuuliza hali ya uboho, ambamo damu yenyewe hutengenezwa.

Ndani ya uboho zimo seli tangulizi, zinazozaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Mwaka 2007 jarida la Blood lilichapisha utafiti wa Redd, Avalos na Essex uliohusisha wagonjwa wa Botswana. Maabarani, virusi vya aina ndogo C viliziambukiza seli hizo. Vile vya aina ndogo B, vilivyotawala Ulaya na Marekani, havikufanya hivyo. Seli zilizoambukizwa zilipatikana pia katika miili ya baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nao walieleza kuwa kirusi kinaweza kuziua seli tangulizi au kujificha ndani yake. Wengine, waliochunguza watu waliokwisha kutumia dawa kwa muda mrefu, hawakukiona humo. Mjadala haujafungwa, na sehemu kubwa yake imeendeshwa kwa damu ya watu wenye aina B.

Hapo ndipo Katavi inapohusika. Tafiti za Mbeya, upande wa kusini, zimeonyesha aina C ikiwa nyingi, pamoja na A, D na michanganyiko yake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo ina aina nyingi mno. Mkoa uliopo kati ya maeneo hayo hauwezi kutibiwa kana kwamba majibu ya Baltimore yanautosha. Sampuli za wagonjwa wake zinastahili kuingizwa katika tafiti hizi, kwa ridhaa yao na kwa matokeo kurudishwa kwao. (Mara nyingi sehemu hii ya mwisho ndiyo husahaulika.)

Kwa mhudumu wa afya, swali hilo halihitaji kungoja maabara kubwa. Kipimo cha himoglobini hufanyika kwa tone la damu. Damu isipopanda baada ya malaria na minyoo kutibiwa, vitazamwe wingi wa virusi, kifua kikuu, na dawa anazotumia mgonjwa, hasa zidovudini, ambayo yenyewe huweza kudhoofisha uboho. Kisha apewe rufaa. Mgonjwa naye asiache dawa za kufubaza virusi kwa kudhani ndizo zinazommaliza damu. Kwa walio wengi, damu huongezeka kadiri virusi vinavyofubazwa, na dawa inayoleta shida hubadilishwa na daktari kwa nyingine.