Usitoe Arubuni kwa Mbwa wa Pichani

Mtu aliyelipia kitu asichokiona tumezoea kusema kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata hivyo, mnunuzi huyo wa zamani alikuwa na nafuu moja. Gunia aliliona kwa macho yake, akalipapasa, akasikia kitu kikitikisika ndani. Mnunuzi wa leo hutazama picha ya mtoto wa mbwa katika simu, na kabla hajasikia hata mlio wake huambiwa atume fedha za kumshikia mbwa huyo asichukuliwe na mwingine. Jumapili hii safu yetu yahusu fedha hizo, ambazo kwa Kiswahili huitwa arubuni, na ambazo wengi siku hizi huziita advansi.

Haja ya mbwa ni ya kweli, wala si anasa. Mji wa Dar es Salaam umepanuka, na familia nyingi zimetoka katika vyumba vya kupanga Temeke na Magomeni zikajenga Chanika, Kivule na Bunju. Huko nyumba ziko mbalimbali, ukuta haujakamilika, na baba au mama akiwa zamu ya usiku watoto hubaki na dada wa kazi. Mtu wa namna hiyo akiona picha ya mtoto wa German Shepherd, masikio yamesimama na kifua kimejaa, moyo wake hushawishika upesi. Walaghai wanalifahamu jambo hilo kuliko sisi.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani. Ameona tangazo, amepiga simu, na mwenye mbwa amejibu kwa adabu kwamba yuko Arusha. Bei yake ni nusu ya ile aliyotajiwa mahali pengine. Wamebaki watoto wawili tu, na mtu mwingine anatarajiwa jioni. Inatakiwa arubuni ya shilingi 100,000, na zinazobaki zitalipwa mbwa akishafika kwa basi. Anatuma. Kesho yake anaambiwa kwamba basi halipokei mbwa bila kizimba, atume shilingi 60,000. Keshokutwa anaambiwa kwamba daktari wa mifugo anataka shilingi 45,000 za chanjo na kibali cha safari. Siku ya nne watoto wake wamekwisha kumpa mbwa jina, naye amesimama katika kituo cha mabasi cha Mbezi akipiga namba isiyopatikana. Shilingi 205,000 zimekwenda, na hakuna mbwa.

Hapa yafaa tujiulize: kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hakuacha baada ya malipo ya kwanza? Jibu liko katika hesabu yenyewe. Kila fedha mpya iliyodaiwa ilikuwa ndogo kuliko zile zilizokwisha tolewa. Akikataa 60,000, anapoteza 100,000. Akikataa 45,000, anapoteza 160,000. Hivyo akawa analipa ili kuziokoa fedha ambazo zilikuwa zimepotea tangu siku ya kwanza. Kwa mlaghai, arubuni huwa ni ndoana tu. Samaki akishanaswa, kinachofuata ni kumvuta.

Mchezo huu haukuzaliwa kwetu. Mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Korona ulipowafungia watu majumbani, familia nyingi za Marekani na Uingereza zilitaka mbwa wa kuwaliwaza, na matapeli wakaweka picha za mbwa wasiokuwapo. Kizimba, bima, chanjo na kibali vilidaiwa kimoja baada ya kingine, kama katika mfano wetu. England, sheria iliyoanza kutumika Aprili 2020 ilikataza wachuuzi wa kati kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya miezi 6. Mfugaji mwenye leseni ndiye anayeuza, naye anapaswa kumwonyesha mnunuzi mtoto akiwa na mama yake, mahali alipozaliwa. Msingi wa sheria hiyo hauhitaji bunge kuufuata. Kila familia inaweza kuuweka nyumbani kwake: mtoto wa mbwa aonwe na mama yake kwanza, fedha baadaye.

Arubuni yenyewe, katika desturi zetu, ni jambo la heshima. Fundi seremala hupokea arubuni akanunue mbao, na mteja anakijua kibanda chake. Kishika uchumba hupelekwa katika nyumba inayojulikana, kwa wazazi wanaojulikana, kwa ajili ya binti aliyekwisha kuonwa. Katika mambo hayo yote fedha hufuata ujuzi wa mtu, wala haziutangulii. Arubuni inayotumwa kwa mtu usiyemjua uso, kwa ajili ya mnyama usiyemwona, haina mahali pa kushika. Imebaki na jina la arubuni, lakini kwa kweli ni zawadi.

Wapo wauzaji waaminifu, nao wana haki ya kudai arubuni, kwa sababu wapo pia wanunuzi wanaoweka ahadi wakatoweka huku mtoto wa mbwa akila chakula cha mwenyewe. Lakini muuzaji mwaminifu hakasiriki mnunuzi akisema, "Nitakuja kumwona Jumamosi." Yule anayegeuza haraka kuwa sharti, na kila siku ana sababu mpya ya kukuzuia usifike kwake, amekwisha kujitambulisha.

Hata mbwa akiwapo kweli, kununua bila kuona kuna hatari nyingine, nayo ni afya. Mtoto wa mbwa hapaswi kutengwa na mama yake kabla hajafikisha wiki 8. Upo ugonjwa wa kuhara damu na kutapika uitwao parvo, ambao huwaua watoto wa mbwa kwa siku chache. Aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kabisa kwa siku kadhaa kabla dalili hazijatokea, kwa hiyo picha ya jana haisemi lolote juu ya kesho. Tena kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, takribani siku zote huishia katika kifo, na watoto ndio wachezao na mbwa kwa karibu zaidi. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi 3. Ukiambiwa kwamba mtoto wa wiki 5 amemaliza chanjo zote, uliza maswali zaidi.

Basi mtu afanye nini? Kwanza, aende kumwona mbwa, au amtume ndugu au rafiki anayeishi mji huo. Nauli ya daladala na nusu siku ya kazi ni gharama ndogo kuliko laki mbili. Pili, kama safari haiwezekani, aombe kuzungumza na muuzaji kwa simu ya picha, amwonyeshe mtoto na mama yake papo hapo. Hilo halitoshi kuwa dhamana, lakini mwenye picha za kuiba hulikimbia. Tatu, alipe mbwa akiwa mkononi. Nne, ikibidi kutoa arubuni, aitoe baada ya kuona, iwe kiasi asichoshindwa kukipoteza, na kiandikwe: jina la muuzaji na mnunuzi, tarehe, kiasi, alama za mbwa mwenyewe, siku ya kumchukua, na fedha zitarudishwa katika hali gani. Ofisi ya serikali ya mtaa imeshuhudia mikataba mingi ya viwanja na vyumba, nayo haitaona taabu kushuhudia ya mbwa.

Jambo la tano ni dogo lakini lina manufaa makubwa. Kabla ya kuthibitisha malipo kwa simu, jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Ukiwa unazungumza na bwana mmoja na fedha zinakwenda kwa jina la mtu mwingine, simama hapo hapo. Ni kweli kwamba laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, lakini laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu huweza kuwa mkononi mwa mwingine.

Na aliyekwisha kutapeliwa afanye haraka. Apige simu mara moja kwa kampuni ya mtandao wake, kwani fedha ambazo hazijatolewa kwa wakala huenda zikawahiwa. Asifute ujumbe hata mmoja, maana huo ndio ushahidi. Aende polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa namna hiyo kuwa ni kosa la jinai, na aitume namba ya tapeli kwenda 15040, iliyotengwa na mamlaka ya mawasiliano. Na kama atatokea mtu akimwambia atume fedha kidogo ili za awali zirudishwe, ajue kwamba huyo ni tapeli yule yule kwa sauti nyingine.

Limebaki neno moja la kifamilia. Aghalabu aliyeibiwa hivi huona haya, akamficha mwenzake, kisha pengo la fedha za ada au za mchango likazua ugomvi mkubwa kuliko hasara yenyewe. Walaghai huitegemea sana aibu hiyo, kwa kuwa mtu aliyenyamaza hamwonyi jirani. Ni vema ununuzi huu uzungumzwe mezani tangu mwanzo, baba, mama na hata watoto wakubwa. Mtu wa pili, asiyependezwa na picha, mara nyingi ndiye anayeuliza swali linalookoa mshahara.

Pengine katika mazungumzo hayo mtakumbuka kwamba jirani wa nyumba ya tatu ana mbwa wa kienyeji aliyezaa. Mama yake mnamjua, kila usiku mnamsikia akibweka, na bei yake huenda ikawa shukrani tu. Mtoto wake, akichanjwa na kulishwa vizuri, ataulinda mlango wenu. Mbwa wa pichani hajapata kumbwekea mwizi hata mara moja.

Tukutane Jumapili ijayo.