Mpira Usitugawe Makambini

Ndugu wanachama,

Baadhi yenu mtauliza, chama cha wakulima wa karafuu kina haja gani na mpira wa miguu? Kina haja kubwa. Msimu unapofika, makambi yetu hapa Pemba hupokea wachumaji kutoka Unguja na Bara, wakakaa pamoja na vijana wetu mpaka karafuu ziishe. Msimu uliopita tuliwapangia mchezo, wageni kwa wenyeji. Ukaishia kwa matusi na ngumi, na siku ya pili watu hawakusalimiana chini ya mikarafuu. Kosa halikuwa la vijana, lilikuwa letu sisi tuliopanga.

Natuwatazame wenzetu wa Tunduma, mkoani Songwe. Mapatano ya mwaka 1890 baina ya Waingereza na Wadachi, yale yale yaliyokubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ndiyo yaliyokata nchi ya Wanyamwanga. Leo wengine wako Tunduma, na ndugu zao wako Nakonde, upande wa Zambia. Pamoja nao wamo Wanyiha, Wandali, wafanyabiashara wa kila namna, na madereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Mji kama huo ungeweza kuwa wa ugomvi kila siku. Lakini vijana wa pande mbili hukutana kiwanjani, wakajuana kwa majina. Pale pasi inayotakiwa ni ya mpira tu.

Hata hivyo, mpira peke yake si dawa. Ukipanga kabila kwa kabila, au wageni kwa wenyeji, umekwisha wagawa watu kabla filimbi haijalia. Ukiwachanganya, Mpemba humhitaji mtu wa Makunduchi amlindie goli, na Mnyamwezi humtafuta Mpemba ampe mpira.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba msimu ujao timu zipangwe kwa kura, kila moja iwe na wageni na wenyeji. Mchezo uwe Ijumaa baada ya Alasiri. Na mwamuzi asiwe mwenye shamba wala mnyapara. Wazee wanaochelea kazi kupotea tunawaambia kwa heshima: ugomvi wa msimu uliopita ulitupotezea pishi nyingi kuliko mpira wowote.

Shauri hili tutalileta mkutanoni. Mwanachama mwenye kiwanja tambarare kisicho na mikarafuu, na atuarifu mapema.

Katibu wa Chama