Madabodi Haijafa, Umeuziwa RAM Isiyoifaa

Kuna uongo mmoja unaozunguka maduka ya kompyuta hapa Nairobi na nimechoka kuusikia: "DDR3 ni DDR3 tu. Ikikataa kuwaka, madabodi yako imekufa." Jamani, si kweli! Na kila anayeusema anamtia mtu hasara.

Mwezi jana nilimsaidia mama mmoja mwenye saiba mtaani kwetu. Mashine zake ni zile za mitumba zenye madabodi ya chipseti ya Intel G41, na RAM ya gigabaiti 2 kila moja. Alinunua vipande vya gigabaiti 4 vya DDR3. Vikaingia kwenye sloti vizuri kabisa, lakini skrini ikabaki nyeusi. Akarudi dukani. Jibu alilopewa? Madabodi zimechoka, anunue mashine nyingine. Tulirudisha RAM ya zamani na kila mashine ikawaka. Sasa niambieni, maiti gani huyo anayefufuka ukimrudishia nguo zake za zamani?

Ukweli ni huu. Kipande cha gigabaiti 4 kinaweza kuundwa kwa chipu 16 za gigabiti 2, au kwa chipu 8 za gigabiti 4. Piga hesabu: zote mbili ni gigabiti 32, yaani gigabaiti 4. Lakini G41, chipseti ya mwaka 2008, inaishia chipu za gigabiti 2. Chipu ya gigabiti 4 inahitaji laini moja zaidi ya anwani, na G41 haina laini hiyo. Usidanganywe eti BIOS mpya itatibu. Programu haiwezi kuchonga waya ndani ya chipu.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu mara nyingi limeandikwa kwenye lebo. Tafuta 2Rx8 au 1Rx8. Kwa DDR3 ya gigabaiti 4, 2Rx8 ina chipu 16, nane kila upande. Hiyo ndiyo ya G41. 1Rx8 ina chipu 8 tu, iache. Kama lebo imebanduka, hesabu chipu kwa kidole. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Muuzaji anayejiita fundi anashindwaje?

Na si G41 peke yake. Kuna DDR2 za gigabaiti 4 za bei ya kutupa ambazo hufanya kazi kwenye madabodi za AMD tu. Ziko pia RAM za seva zinazouzwa kana kwamba ni za kompyuta ya kawaida. Mnunuzi anaona bei, haoni mtego.

Najua utetezi wa wauzaji: faida ni ndogo, hawana muda wa kupima. Basi wana muda wa kugombana na mteja anaporudi? Kuweka madabodi moja ya G41 kaunta na kujaribu kipande kabla ya kupokea pesa huchukua dakika mbili.

Wengine watasema tutupe mashine hizo, ni kuukuu. Mwenye saiba hatupi mashine inayomlisha. G41 hubeba hadi gigabaiti 8, na kwa Linux nyepesi hizo zinatosha kuvinjari, kuandika barua na kuchapisha fomu. Kumuuzia mashine nyingine kwa sababu ulimpa RAM isiyofaa ni wizi wenye risiti.

Sikatai, madabodi hufa kweli. Lakini kabla ya kutangaza msiba, safisha miguu ya RAM kwa raba, jaribu sloti moja moja, kisha rudisha RAM ya zamani. Ikiwaka, anayepaswa kulipa ni aliyeuza, si aliyenunua.

Ukienda dukani, sema hivi: "Nipe 2Rx8, na uijaribu nikiwa hapa." Akikataa, nenda duka la pili.