Maharagwe ya Mkopo Si Biashara

Bismillahi Rahmani Rahim.

Leo hatuandiki juu ya twahara wala mirathi. Tunaandika juu ya maharagwe, na tunajua baadhi ya ndugu zetu wa sokoni hawatapendezwa.

Mvua za Agatasi zinapoanza mwezi wa Septemba, mkulima wa milimani ana jembe na ana shamba, lakini mbegu hana. Alizoweka akiba zililiwa na watoto wakati wa kiangazi. Anateremka mjini, Gitega au Muyinga, anakutana na mmoja wetu, Mwislamu mwenye kanzu safi, ambaye anampimia kilo 10 na kumwambia: ukivuna, niletee 20. Mwingine hampimii kitu. Anamnunulia shamba zima lingali kwenye maua, kwa bei anayoipanga peke yake. Mavuno yakifika, familia inavuna mali ya mtu. Impeshi inaanza Februari, na mkulima amerudi dukani kukopa tena. Baadhi ya watoto hao ni wanafunzi wetu. Asubuhi tunaita majina madrasani, wao wako kwenye kibarua.

Ukimuuliza ndugu huyo, anajibu: "Biashara ni biashara, mwenyewe alikubali." Hapana, ndugu yetu. Mkopo uliowekewa sharti la ziada ni riba, uwe wa faranga au wa maharagwe, na maulamaa hawakukhitilafiana katika hilo. Na Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kupevuka kwake, kwa sababu hakuna ajuaye kama yatasalimika. Kutoa futari Ramadhani kwa faida ya kilo hizo 20 hakubadilishi jina la kilo hizo.

Sasa, tusikataze tu bila kuonyesha njia. Vijana wetu wa chuo wametuambia kwamba Wafaransa wana vikundi vya familia za mjini vinavyomlipa mkulima kabla ya msimu, kisha vikapokea mazao. Wanaviita AMAP, na cha kwanza kilianza 2001 kule Aubagne. Wajapani waliwatangulia katika miaka ya 1970. Wazee wakasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu wametusamehe mengi, watusamehe na hili: Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja, miwili hata mitatu kabla. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti, kwamba kipimo kijulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo bai' salam, imo katika vitabu tunavyosomesha kila mwaka. Tunaisomesha, wanafunzi wanaikariri, kisha tunafunga kitabu na kwenda sokoni kununua maharagwe ya riba.

Lakini hapa vijana nao wasikilize. Kundi la Kifaransa hufungamana na shamba moja. Mvua ya mawe ikilipiga, walionunua hula hasara pamoja na mwenye shamba. Ukiyachukua hayo yalivyo na kuyaita salam, umekosea. Wanachuoni wengi wamesema salam haifai juu ya shamba maalumu la fulani, kwa sababu shamba moja linaweza kutoa au lisitoe kitu. Inafaa juu ya mazao yaliyoelezwa sifa, aina na kiasi, yaliyo katika dhima ya muuzaji, ayapate shambani kwake au kwingine. Anayetaka kushiriki hasara, huo ni ushirika, una mlango wake katika fiqhi.

Ndiyo maana tunasema kamati moja ya msikiti mmoja na mkulima mmoja haitoshi. Unahitajika mtandao wa milima mingi, kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga. (Ramani ya mikoa ilibadilishwa 2025 na Muyinga sasa imo Buhumuza, lakini barabara ni ile ile.) Upande wa kaskazini, kwa majirani wa Kirundo, ukame si mgeni, mwaka wakikosa wao, huenda uwanda wa Gitega ukapata. Wakulima wakidhaminiana, mwenye kupungukiwa hujaziwa na mwenzake, naye hubaki na deni la maharagwe yale yale, bila kuongezwa hata kilo moja.

Tuseme familia 30 zinaagiza kilo 40 kila moja. Hizo ni kilo 1,200. Milima mitatu ikigawana, kila mmoja una kilo 400, na hakuna anayevunjika mgongo. Fedha zilipwe zote siku ya mkataba, mwezi wa Agosti, kabla njaa haijakaa mezani na kupanga bei. Bei ya salam huwa chini kidogo ya ile ya soko, na sheria inaruhusu. Lakini ipangwe hadharani, mkulima akiwa amekaa kwenye mkeka sawa na sisi, la sivyo tutakuwa tumebadilisha jina tu. Yaandikwe, maana Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote, imeshuka kwa ajili ya madeni kama haya. Iandikwe pia mahali pa kupokelea na nani atalipa gari. Miaka hii ya foleni za petroli tumeona magunia yakioza njiani huku watu wakigombania nauli.

Na mazao yakikosekana kila mahali? Mnunuzi asubiri, au arudishiwe fedha zake kama alivyozitoa. Akidai zaidi, amerudi kule kule.

Liko swali moja ambalo bado hatujakubaliana sisi walimu wenyewe, nalo ni nani ashike mizani. Wengine wanasema imamu. Sisi tunasema ashike mkulima, na mnunuzi asimame pembeni asome.

Wabillahi tawfiq.