Mshauri Mwoga ni Hasara kwa Taifa

Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Anayekalia kiti cha urais hutupiwa kila kitu: vita na njaa, bajeti na uteuzi, ugomvi wa mawaziri na malalamiko ya majimbo. Hakuna binadamu awezaye kuyasoma yote hayo na kuyaamua peke yake. Ndiyo maana nyuma ya kila rais wapo watu ambao wananchi hawakuwapigia kura, nao ndio humwandalia anayoyasoma na anayoyatia saini. Leo tuwatazame watu hao kwa mfano wa Marekani, maana huko siri zao nyingi zimekwisha kuwekwa hadharani. Nami nasema tangu mwanzo: mshauri asiyethubutu kumwambia mkubwa wake neno chungu ni hasara kwa taifa, hata awe msomi na mchapakazi kiasi gani.

Katiba ya Marekani iliyoandikwa 1787 ilisema tu kwamba Rais aweza kuwataka wakuu wa wizara wampe maoni yao kwa maandishi. Kwa miaka mingi marais walijikongoja na makatibu wachache. Mwaka 1937 kamati iliyoongozwa na Louis Brownlow ilimweleza Rais Franklin Roosevelt waziwazi kwamba Rais anahitaji msaada, ikapendekeza apewe wasaidizi wenye uwezo mkubwa na wasiopenda kujulikana. Mwaka 1939 Ofisi ya Utendaji ya Rais ikaundwa, na Ofisi ya Bajeti ikahamishwa kutoka Wizara ya Fedha ikawekwa humo. Mwaka 1946 likaja Baraza la Washauri wa Uchumi, na 1947 Baraza la Usalama la Taifa.

Kazi yao si ndogo. Wizara ikiomba fedha, ombi lake huchambuliwa kwanza na watu wa bajeti wa Rais, ndipo liende Bungeni. Wizara mbili zikivutana, watumishi wa Ikulu ndio huzikalisha pamoja. Mkuu wa watumishi hao hushika ratiba: nani aingie, akae muda gani, na dokezo lipi lifike mezani. Waziri huhojiwa na Seneti kabla ya kuthibitishwa, lakini mkuu huyu huteuliwa na Rais akaanza kazi. Tazameni basi nguvu aliyo nayo mtu huyu. Rais hawezi kulitafakari jambo ambalo halikumfikia.

Aprili 1961, John Kennedy akiwa na miezi mitatu tu madarakani, alikuwa akiupima mpango wa shirika la ujasusi la CIA wa kuivamia Cuba kwa kuwatumia wakimbizi wa Kicuba. Msaidizi wake, mwanahistoria Arthur Schlesinger, aliupinga kwa madokezo. Lakini vikaoni, mbele ya majenerali na wakuu wa ujasusi, hakuthubutu kusimama kidete. Robert Kennedy, mdogo wake Rais, naye alimtaka aache kupinga, maana Rais amekwisha kuamua. Tarehe 17 Aprili watu wapatao 1,400 waliteremshwa Ghuba ya Nguruwe. Haikupita wiki wakawa wameshindwa, na zaidi ya 1,100 wametekwa. Schlesinger aliandika baadaye kwa uchungu, akijilaumu kwa kimya chake.

Oktoba 1962 Cuba ikarudi mezani, safari hii na makombora ya Kisovieti. Kennedy aliwakusanya washauri wake, na baadhi ya vikao hakuvihudhuria makusudi ili wenzake waseme bila kumwangalia usoni. Tarehe 27 walikuwa na barua mbili za Nikita Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti. Ya kwanza ilitaka Marekani iahidi kutoivamia Cuba. Ya pili, iliyotangazwa redioni, iliongeza sharti kwamba makombora ya Marekani yaondolewe Uturuki. Rais aliona kuijibu ile ya kwanza hakutafaa kitu. Llewellyn Thompson, aliyekuwa balozi Moscow na aliyemjua Khrushchev ana kwa ana, akamwambia mbele ya wote kwamba hakubaliani naye. Khrushchev, alieleza, anachohitaji ni kuweza kusema ameiokoa Cuba. Rais akasikiliza. Jioni ile jibu likapelekwa kwa kuifuata barua ya kwanza, na kwa siri Wasovieti wakahakikishiwa kwamba makombora ya Uturuki nayo yataondoka. Kesho yake Khrushchev akakubali kuyaondoa makombora yake Cuba.

Sisemi kwamba Thompson peke yake aliiepusha dunia na vita; ile ahadi ya siri nayo ilikuwa na uzito wake. Nasema kwamba Rais alikuwa yuleyule, na washauri wengi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kiongozi alilifungulia mlango neno la kupinga, na akapatikana mtu wa kulisema.

Wapo watakaodai kwamba sifa ya kwanza ya mshauri ni utii. Basi na wamtazame H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Richard Nixon. Tarehe 23 Juni 1972 alimpelekea Rais shauri kwamba CIA itumiwe kuizuia idara ya upelelezi ya FBI isiendelee kuchunguza uvunjaji wa ofisi za chama cha upinzani uliozaa kashfa ya Watergate. Nixon akaafiki, na kanda ya sauti iliyokuwa ikirekodi ofisini mwake ikanasa kila neno. Kanda hiyo ilipotolewa Agosti 1974, Rais alijiuzulu siku chache baadaye, na Haldeman akaishia jela. Utii wa namna hiyo ulimmaliza aliyetii na aliyetiiwa.

Hata hivyo mshauri si rais. Akishasema, uamuzi ni wa mwenye dhamana. Mshauri naye autekeleze kwa moyo mmoja, au aondoke kwa heshima. Mwaka 1980 Cyrus Vance, Waziri wa Mambo ya Nje, alipinga mpango wa Jimmy Carter wa kuwaokoa kwa nguvu Wamarekani walioshikwa mateka nchini Iran. Aliwasilisha barua ya kujiuzulu kabla ya operesheni kuanza, akisema ataondoka hata ikifanikiwa.

Jambo hili linatuhusu na sisi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 37, inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Pale sheria isipolazimisha, kinachobaki ni ushujaa wa anayeshauri na usikivu wa anayeshauriwa.

Kwa hiyo enyi mnaoshika majalada ya wakubwa, msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Andikeni hatari ya jambo katika ukurasa wa kwanza, msiifiche kwenye viambatisho. Nanyi viongozi, mkitaka maoni, anzeni na mdogo kuliko wote kikaoni kabla nyinyi hamjasema lenu, na anayewapinga kwa hoja msimhamishe. Nasi wananchi tuache kumwita msaliti kila anayetofautiana na mkubwa wake. Tukimzomea leo, kesho hatutakuwa na haki ya kuuliza kwa nini Rais hakuambiwa.